Marikani

Kamba nimeifunga toka dirishani hadi mlangoni,
vibanio vya nguo hamsini, kila kimoja miaka minne.
Theluji ya Machi inayeyuka juu ya paa,
inadondokea ndoo ya mzee Kowalczyk wa usafi.
Haya, nani anakuja kuanika?

Thiago anajianika mwenyewe, mwisho kabisa, karibu na kitasa.
Sreyneang anamwanika bibi yake, mwaka themanini na moja,
aliposhuka uwanja wa ndege bila soksi, mwezi wa Januari.
Maeve anataka kumwanika dinosau.
Kamba haitoshi, namwambia,
ingebidi itoke mlangoni, ishuke ngazi, ipite daraja la Merrimack,
iende, iende, na bado.
"Basi irefushe," anasema.

Kwao zamani ni chumba kimoja kisicho na taa:
wafalme, treni ya makaa, bibi, mimi nilipokuwa mtoto,
wote wamo humo wanakanyagana vidole.
Ninachofanya mimi ni kuwasha viberiti.

Jana tuliwapeleka kiwandani, siku hizi makumbusho.
Mitambo ya kufumia ilipowashwa sakafu ilitetemeka hadi kwenye meno,
watoto wakaziba masikio, wakacheka, mmoja akalia.
Kila mtu akapewa kipande cha nguo, kadiri ya kiganja.
Nikakipeleka puani. Sikukusudia, mkono ulikwenda wenyewe.
Wanga mkavu. Sanduku la bibi yangu, Pangani.
Chukua marikani, alikuwa akisema, haichuji, haina unafiki.
Miaka kumi na moja nimo Lowell, nalipa kodi,
nakwangua barafu kwenye kioo cha gari,
na sikuwahi kulisikiliza neno hilo.
Marikani.
Nililala ndani yake utotoni, nikajifunika jina la mbali
kama mtu anayevaa koti la mgeni bila kuangalia mfukoni.

Leo nachora ramani ubaoni. Nguo ziliondoka hivi,
zikapakiwa Salem, zikashushwa Unguja.
Meli zikarudi na sandarusi, zikarudi na pembe,
na ile piano kuukuu ya ukumbini, yenye meno ya manjano,
nendeni mkaiangalie vizuri, lakini msiipige.
Wanafurahi. Nami nafurahi, sitaficha,
mistari yangu miwili ya chaki imekutana.

Ndipo Ratanak, ambaye tangu Septemba hajanyoosha mkono,
ananyoosha mkono.
"Hapa haioti pamba. Nani aliichuma?"

Kitabu chetu kina kurasa mbili za wasichana wa kiwandani,
kengele zao, mabweni yao, barua zao kwa mama.
Pamba imepewa mstari mmoja.
Nautafsiri kichwani, kama nifanyavyo nikichoka:
pamba ililetwa.
Angalia hiyo *w*.
Herufi ndogo, ukiitamka midomo haichoki,
na nyuma yake wamefungiwa watu, shamba baada ya shamba.

Mtoto wa miaka tisa umpe kiasi gani?
Uji wa moto hupulizwa.
Lakini ukipuliza sana unakuwa umemlisha pumzi zako.

Nikasema: watumwa. Nikasema: bila malipo, bila ruhusa ya kuondoka,
na watoto wa umri wenu walikuwemo mistarini.
Ndoo ikadondokewa mara tatu, nne.
"Walikuwa wanaitwa nani?" akauliza Sreyneang.
Wengi hatujui.
"Mbona wasichana mnawajua?"
Waliachiwa kalamu, nikasema,
na jibu langu lenyewe likaniuma ulimi.

Ratanak akainuka. Akatoa kipande chake cha jana,
akahesabu vibanio kwa kidole, akakosea, akarudia,
akakibana pale, hakikuandikwa kitu.
Thiago akacheka kidogo, akaacha.
Kengele ikalia, makoti, glavu moja imepotea kama kawaida.

Jioni mzee Kowalczyk akaja na ufagio wake,
kitambaa kikamgusa kipaji.
"Hiki nitupe?"
Hapana, nikamwambia, hicho kina mwenyewe.

Kesho kutwa tuna sayansi.
Maeve ameapa ataleta kamba ya kwao.